Kitabu cha garaji chenye kuachana: namna ya kukirudishia mgongo



Ukiingia katika garaji ya zamani hapa Bukavu, uliza kama wako na kitabu cha gari. Wakikuamini, watakuletea kifurushi chenye kufungwa na mpira wa ndani ya tairi la baiskeli. Jalada lilishaisha zamani. Kurasa za kwanza hazipo. Zenye kubaki ziko na alama za vidole vya mafuta, na mgongo umevunjika mara mbili ao tatu. Ni kitabu cha Peugeot 504, ao cha Land Rover, ao cha Land Cruiser ya zamani. Na gari lenyewe bado linatembea, bado linapeleka viazi na sabuni sokoni.

Mimi nilimaliza lisansi ya historia. Kazi ya kujalidi vitabu nilijifunza kwa mzee mmoja mwenye alikuwa anafunga TFC za wanafunzi, na leo sehemu moja ya chakula changu inatoka kwa vitabu vya garaji. Wengi wananiuliza: "Ndugu, kweli kuna kazi ndani ya ile?" Kwa hiyo nataka kueleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, ili mwenye kuwa na kitabu kama hicho nyumbani, ao TFC ya baba yake yenye kuachana, aweze kukitengeneza bila kukiharibu zaidi.

1. Ndani ya kurasa hizo muko nini?

Tuanze na magari. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu huko Amsterdam mwaka 1948. Peugeot 404 ilitoka 1960, na 504 ikafuata 1968. Land Cruiser ya aina ya 40 ilianza 1960, na ile ya 70, yenye tunaijua sana katika barabara zetu, ilianza 1984. Magari hayo hayana kompyuta ya kukuambia wapi pameharibika. Kila kitu kinapimwa kwa mkono, na vipimo viko ndani ya kitabu.

Vitabu vyenyewe ni vya namna tatu. Kuna vile vya kiwanda chenye kilitengeneza gari. Kuna vya Ufaransa, Revue Technique Automobile, vyenye kutoka tangu 1946. Hivyo njo wazee wetu wa garaji wanavipenda juu viko kwa Kifaransa. Na kuna vya Uingereza vya John Haynes: cha kwanza katika mfululizo huo kilitoka 1966, kwa gari la Austin-Healey Sprite, na sifa yao ni kwamba waandishi walifungua gari lote na kulirudisha, huku wakipiga picha.

Sasa sikilizeni juu ya nini ukurasa mmoja wenye kupotea unaweza kuua moteri. Bulo za kulasi zinafungwa kwa nguvu yenye kupimwa, na kwa mpangilio: mara nyingi unaanza katikati, unaenda nje pole pole, kwa awamu mbili ao tatu. Kitabu cha Kifaransa cha zamani kinaandika nguvu hiyo kwa mita-kilo. Kitabu cha Uingereza kinaandika kwa pauni na futi. Ufunguo wa leo wa kupimia nguvu unasoma njuteni-mita. Mita-kilo 1 ni karibu njuteni-mita 9,8. Pauni-futi 1 ni karibu njuteni-mita 1,36.

Tuseme jedwali linasema 60. Kama ni pauni-futi, unapata njuteni-mita 81 hivi, na kazi ni nzuri. Kama fundi anafikiri ni mita-kilo, anaenda kutafuta njuteni-mita 588, na bulo inakatika mbele hata hajafika nusu. Na mara nyingi kipimo kimeandikwa mara moja tu, juu ya ukurasa wa kwanza wa jedwali. Ukurasa huo ukianguka, namba zinabaki bila jina. Kitabu kinaonekana bado kiko, lakini kimeanza kudanganya.

2. Kwa nini mgongo unakufa?

Kabla ya kutengeneza, ujue kwanza kitabu chako kilifungwa namna gani. Angalia mgongo kutoka juu, upande wa kichwa.

Kama unaona vikunjo vidogo vidogo, kama vijitabu vyenye kupangwa pamoja, hicho kilishonwa kwa uzi. Ni kigumu kufa. Mara nyingi shida yake ni jalada tu lenye limeachana kwa bawaba, maana yake pale jalada linapokunjika.

Kama unaona kurasa moja moja zenye kukatwa sawa na kupakwa kole, hicho ni cha kole tu. Wazo hilo si la leo: mwaka 1836 Mwingereza William Hancock alipata hati ya uvumbuzi ya kufunga vitabu kwa kauchu, bila uzi. Sisi Wakongo neno kauchu tunalijua kwa uchungu mwingine, lakini hiyo ni hadithi ingine. Kauchu ya Hancock ilikauka na miaka, na kurasa zikaanza kuanguka kama majani. Baadaye viwanda vilileta kole ya kuyeyushwa kwa moto. Ni ya haraka na bei yake ni ndogo, lakini nayo inazeeka: inakuwa ngumu, na siku unafungua kitabu kwa nguvu ili kilale juu ya moteri, inapasuka. Mafuta ya gari yanailainisha, jua la nyuma ya kioo cha gari linailainisha tena. Vitabu vingi vya garaji vinakufa kifo hiki.

Kuna pia vya pini, vyenye kupigwa vyuma viwili katikati. Pini zinapata kutu na kukata karatasi. Na kuna vya klaseri, vyenye matundu. Hapo mgongo ni mzima, ni matundu yenye kuchanika.

3. Kabla ya kole: hesabu, picha, usafi

Hesabu kurasa zote. Andika kwa karatasi ya pembeni zile zenye hazipo. Angalia vizuri, juu vitabu hivi vinahesabu kwa sura: A-1, A-2, kisha B-1, B-2. Ukurasa wenye kuwekwa mahali pasipo pake utafungwa pale miaka ishirini.

Kisha piga picha ya kila ukurasa na simu, katika mwangaza wa mchana. Wengine wananiuliza: kama unapiga picha, kwa nini tena kutengeneza karatasi? Jibu ni garaji yenyewe. Mikono iko na mafuta, umeme umekatika, simu imebaki asilimia 6, na mchoro wa umeme wenye upana wa kurasa nne unauangalia kupitia kioo chenye upana wa kiganja. Karatasi inalala juu ya bloku na kungoja. Picha ni akiba yako kama kitabu kitaanguka katika maji, na inasaidia pia kumpa mwenye kitabu ukurasa wenye alikosa. Lakini usichukue kitabu cha watu ukaanza kukichapisha na kukiuza. Haki ya waandishi inabaki.

Usafi unafanywa kukavu. Brashi laini kwanza, kutoka mgongo kuelekea nje. Kwa mafuta yenye bado ni mabichi, mwaga unga wa mahindi laini ao talki, weka karatasi safi juu, weka uzito, acha usiku moja, asubuhi futa. Rudia mara mbili. Alama ya zamani haitatoka yote, na si lazima itoke. Alama nyeusi za vidole karibu na jedwali zinakuonyesha ukurasa wenye kutumika zaidi. Huo njo utautia nguvu zaidi.

Petroli usitumie. Inasambaza mafuta kwa ukurasa wote, inaweza kulegeza wino, na inaweza kukuchomea nyumba. Kama kuna ukungu, fanya kazi nje, funika pua na mdomo, acha kitabu kikauke katika upepo siku kadhaa mbele ya kukipiga brashi.

4. Vyombo

Kole nyeupe ya mafundi mbao, ile yenye kukauka na kubaki laini. Brashi mbili. Wembe. Msasa. Mbao mbili nzito zenye kupita urefu wa kitabu, na vibanio vya fundi mbao. Kama hauna, matofali manne yanatosha. Uzi wa kitani ao wa katani, nta ya nyuki kidogo, sindano ya fundi viatu. Kitambaa chembamba cha pamba. Bendeji ya gazi ya famasi ni nzuri kabisa. Kartoni. Na mifuko ya plastiki, ili kole isishike mbao zako.

Kwa kurasa zenye kuchanika tunapika uji: kipimo kimoja cha unga wa ngano, vipimo vitano vya maji, moto mdogo, unakoroga dakika kumi hivi mpaka unaanza kung'aa. Uchuje. Uwe laini kama uji wa mtoto, usiwe bugali. Faida yake ni kwamba kesho mtu akitaka kuutoa, maji kidogo yanatosha. Kole nyeupe ikisha kukauka haitoki vizuri. Kwa hiyo nafuata sheria hii: uji kwa kurasa, kole nyeupe kwa mgongo.

5. Kitabu cha kole: hatua kwa hatua

Njia hii inaitwa kwa jina la Mjerumani Emil Lumbeck, mwenye aliitengeneza katika miaka ya 1930. Ni njia nzuri sana kwa kurasa moja moja.

Hatua ya kwanza: toa kole ya zamani. Vunja vipande kwa vidole, vingine kwa wembe bila kukata karatasi. Usikate mgongo wote kwa kisu ili "uwe safi": vitabu vya garaji viko na nafasi ndogo upande wa ndani, na milimita tatu zinaweza kumeza namba ya mwisho ya jedwali.

Hatua ya pili: ganga mapasuko ya kurasa na uji, acha zikauke. Kisha panga kurasa zote, zigonge juu ya meza upande wa mgongo na upande wa kichwa mpaka zilingane. Ongeza karatasi nyeupe mbili mbele na mbili nyuma. Ndizo zitashikana na jalada.

Hatua ya tatu: piga msasa pole pole kwa mgongo. Karatasi zenye kung'aa, zenye kubeba picha, zilipakwa ngozi nyembamba kiwandani, yenye kuzuia kole kufika kwa nyuzi za karatasi. Msasa unafungua nyuzi.

Hatua ya nne: bana kitabu kati ya mbao mbili, mgongo ukiangalia juu, sentimita kama tano zikiwa nje. Sasa kunja kurasa kuelekea kulia, zifunguke kama manyoya ya mkia wa ndege. Kila ukurasa unaonyesha ukingo mwembamba. Pitisha brashi yenye kole kidogo. Kisha kunja kuelekea kushoto, pitisha tena. Rudisha katikati, bana karibu kabisa na mgongo. Namna hii kole haikai juu tu. Imeingia kati ya kila ukurasa na mwenzake, chini ya milimita moja, na kila ukurasa umeshikwa pande mbili. Kole ikizidi, kitabu hakitafunguka. Ikikosa, kurasa zitaanguka.

Hatua ya tano: kwa kitabu kinene ao chenye kazi nyingi, ngoja kikauke kidogo, kisha kwa msumeno mwembamba kata mistari ya kina cha milimita mbili kupita mgongo, kila sentimita tatu hivi. Laza uzi wenye kole ndani ya kila mstari. Hiyo ni kama fito za ukuta wa udongo.

Hatua ya sita: paka kole tena, laza gazi yenye kupita mgongo sentimita mbili kila upande, ipapase mpaka ishike. Acha saa 24. Katika majira ya mvua, mimi naacha siku mbili. Usikaushe juu ya makaa. Kole inafanya ngozi juu na kubaki bichi ndani.

Hatua ya saba: jalada. Kata kartoni mbili na kipande chembamba cha mgongo, zishike kwa kitambaa kigumu. Gazi na zile karatasi nyeupe njo zinabandikwa kwa kartoni. Mgongo wa kurasa usiubandike kwa mgongo wa jalada! Acha nafasi kati yao. Nafasi hiyo njo inaruhusu kitabu kulala wazi juu ya meza bila mtu kukikandamiza, na ukumbuke kukandamizwa huko njo kulikivunja mara ya kwanza.

Jambo moja la karatasi: iko na mwelekeo wa nyuzi. Ikunje pole pole upande huu, kisha upande ule. Kwenye inakunjika kirahisi, nyuzi zinafuata mkunjo. Nyuzi zote, za karatasi na za kartoni, zifuate urefu wa mgongo. Ukizipinga, jalada litapinda kama bati.

6. Vya uzi, vya pini, vya klaseri

Cha kushonwa, usikifungue kama uzi bado unashika. Bandika gazi mpya kwa mgongo, tengeneza bawaba, rudisha jalada. Kama kikunjo kimoja kimetoka, pitisha nta kwa uzi, shona katikati ya mkunjo kupitia matundu ya zamani, na funga kwa uzi wa kikunjo cha jirani. Usitoboe matundu mapya bila lazima, juu karatasi yenye matundu mengi inachanika kama stampu.

Cha pini, toa chuma chenye kutu, tia nguvu mkunjo kwa karatasi nyembamba na uji, kisha shona kwa uzi kupitia matundu matatu.

Cha klaseri, matundu yanatiwa nguvu mbele na nyuma kwa kipande cha karatasi nyembamba yenye nyuzi ndefu. Mafundi wa maktaba za nje wanatumia karatasi ya Kijapani. Mimi natumia karatasi ya mifuko ya chai, mipya, yenye nimetoa majani: ni nyembamba, nyuzi zake ni ndefu, na inavumilia maji. Karatasi hiyo hiyo ni dawa ya mchoro mkubwa wa umeme wenye kukunjwa. Mchoro huo unachanika kila mara pale mikunjo miwili inapokutana. Bandika kwa uji upande wa nyuma, acha ukauke chini ya uzito kati ya karatasi safi, na usiukunje mpaka kesho yake.

7. Vyenye havifai

Skochi. Najua, iko katika kila nyumba. Lakini na miaka plastiki yake inaondoka, kole yake inabaki, inakuwa ya manjano, inaingia ndani ya karatasi na kushika ukurasa wa jirani. Nusu ya wakati wangu inaishia kutoa skochi ya watu.

Kole ya viatu ni kali na inachafua. Ile kole ya haraka ya tone moja inakuwa kama kioo: ukifungua kitabu, inapasuka na kukata karatasi. Na kupeleka kitabu kipigwe spirali, kama tunavyofanya na TFC, kunatoboa kila ukurasa upande wa ndani, pale pale penye namba.

8. Na kazi je?

Kitabu kimoja cha kole kinachukua saa tatu ao nne za mikono, na siku mbili za kukauka. Vifaa vyote vya kuanza vinapatikana sokoni na famasi. Sitawadanganya kwamba utajenga nyumba ya gorofa. Lakini garaji zinalipa, juu zinajua bei ya kulasi yenye kupasuka. Baada ya garaji wanakuja walimu na vitabu vyao vya masomo, parokia na rejista zao, familia na Biblia ya bibi. Wengi kati yetu tunangoja barua ya biro fulani mwaka mzima, na hakuna ubaya kungoja huku mikono inafanya kitu.

Kuna pia faida yenye sikuitazamia. Nikikaa garaji kungoja kitabu, wazee wananisomesha. Wanaonyesha maandishi ya kalamu pembeni ya ukurasa: kipande cha gari ingine chenye kinaingia sawa, tarehe ya kubadilisha, jina la fundi mwenye alifundisha yule mwenye kunifundisha. Kiwanda hakikuandika hayo. Yapo katika kopi hiyo moja tu. Kwa hiyo usiyafute unaposafisha.

Mwisho, namna ya kujua kama kazi yako ni nzuri: weka kitabu juu ya meza, kifungue katikati, ondoa mikono. Kikibaki wazi bila kulia, na ukivuta ukurasa pole pole haujitikisi, kirudishe kwa mwenyewe.

Na mbele ya kutupa kitabu chochote chenye kuachana, hesabu kurasa zake. Kama zote ziko, kinakosa mgongo tu, na mgongo sasa mnajua namna ya kuutengeneza.